Boti Iliyoheshimiwa Mpaka Ikazama

Habari ya kifo chake niliipata asubuhi kwenye kundi letu la simu la wastaafu, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la mkutano wa wakulima wa korosho na picha ya maua ya kututakia siku njema. Mtu mmoja aliandika kwamba mwenzetu wa Msimbati ametutoka, kiharusi, na maziko ni leo leo baada ya alasiri. Chini yake zikafuatana pole, dua, na vile vikatuni vya viganja vilivyounganishwa, mpaka mmoja akaandika kwamba tumempoteza mtu wa watu. Hapo niliiweka simu chini. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kuwa sina subira na sifa za msibani. Marehemu hakuwa mtu wa watu. Alikuwa mbishi, mgomvi, mwenye sauti ya kukwaruza, na lau angekuwa hai akayasoma yale, angeuliza ni nani kati yao aliyewahi kumshikia hata bisibisi.

Mimi naye hatukuwa chanda na pete, nisije nikajipachika cheo nisichokuwa nacho. Tulikuwa majirani Chuno, yeye karani wa bandarini, mimi nikihangaika na magazeti, na kwa miaka mingi mazungumzo yetu hayakuvuka salamu na malalamiko ya bomba kukauka. Tulikaribiana alipostaafu. Ilikuwa ile miaka ya homa ya gesi, ambapo kila mwenye kiwanja Mtwara aliamini kwamba wageni watamiminika wakose pa kulala, kwa hiyo watu wa rika lake walipopata kiinua mgongo walijenga nyumba za wageni. Vyumba vyao vingi leo vinalala magunia. Yeye alinunua boti, na wala si mpya. Ilikuwa mali ya hoteli moja ya ufukweni iliyokwisha kufungwa, boti ya faiba yenye injini ya dizeli ndani ya tumbo lake, si ile mashine ya kubandika nyuma ambayo wavuvi wetu wameizoea. Ilikuwa imekaa juu ya magogo muda mrefu kiasi kwamba kuku walitagia chini ya usukani. Watu waliibandika jina la Kikongwe, na jina likashika hata mwenyewe akalitumia. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mzima, walisema, amepewa hela ya uzeeni akaenda kununua kidonda cha kuuguza.

Alihamia Msimbati, kwao kwa upande wa mama, na hapa lazima nimtaje mkewe, maana bila yeye boti ile isingesogea hata hatua. Ni Mmakua, mzaliwa wa mdomoni mwa Ruvuma, wa familia iliyovuka kutoka Msumbiji wakati wa vita, na baba yake alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi. Hawakujaliwa mtoto. Walipofika Msimbati waliifungua injini kipande kimoja kimoja wakavipanga juu ya mkeka uani, mume akisafisha kwa mafuta ya taa, mke akifuta kwa kanga kuukuu, na fundi wa matrekta akiitwa kutoka mjini kila walipokwama. Vipuri vya injini ile vilikwisha kupotea madukani. Mpira wa pampu ya maji waliutafuta mpaka wakachoka, wakanunua wa mashine ya kumwagilia mboga uliokaribiana nao, wakauchonga kwa kisu hadi ukakaa. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza, moshi ulifunika nyumba za jirani na watu wakatoka nje na ndoo za mchanga wakidhani panaungua.

Nilipanda mara yangu ya kwanza nikiwa na nia ya kuja kuandika kichekesho kwenye safu hii. Sikuandika. Alitukataza viatu, nami nikadhani ni mambo yake tu ya ukaidi, lakini injini ilipopata joto nikaelewa, kwa sababu mlio wake ulikuwa mzito na wa chini, ukipanda kwa nyayo mpaka magotini. Yeye alikaa juu ya kifuniko cha injini na kikombe cha chai ya tangawizi, amefumba macho, na mlio ulipobadilika kidogo tu aliyafumbua. Mkewe alishika usukani. Tulipita Mnazi Bay maji yakiwa maangavu hata majani ya chini yakionekana yakilala upande mmoja, tukashuka kusini mpaka maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo unajua mto umefika. Mafungu ya mchanga pale mdomoni hayatulii mahali pamoja. Ulipopita mwezi uliopita leo panaweza kukunyima njia. Mama yule alitazama mikunjo ya maji, akakata kushoto, akakata kulia, akipunguza moto na kuongeza, akaisimamisha boti kwenye kina kirefu mkabala wa mikoko ambako viboko walikuwa wametoa pua tu. Mumewe, ambaye sikuwahi kumsikia akimsifu binadamu, alinigeukia akasema, "Unanwona huyu? Huyu mimi ningempa meli." Nilimwonea wivu, na leo naliandika bila haya. Nilitazama nyumba zetu zote za Chuno zilivyo na geti na vigae, nikaona hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa na asubuhi kama ile.

Baadaye boti ikawa ndiyo kazi yao. Siku za gulio walibeba akina mama na makopa yao ya muhogo mkavu, nazi, chumvi na samaki wakavu, kati ya Msimbati na vijiji vya mdomoni mwa mto, mama kwenye usukani, mzee kwenye injini. Wanaume wa pwani walimtania sana yule mama mwanzoni, halafu wakaanza kumwuliza fungu limehamia wapi. Pensheni ya mzee ilikwenda kwenye dawa zake za presha. Chakula cha nyumba ile kilitoka kwenye Kikongwe.

Na Kikongwe ilivuja. Yeye hakulificha hilo, alikuambia kabla hujapanda. Pale shafti ya propela inapopenya kutoka ndani kwenda nje, boti za namna hiyo hupitisha maji kidogo hata zikiwa nzima, na hii ilipitisha zaidi ya kidogo. Unasokota kamba yenye grisi kuizunguka shafti, unaibana, inatulia, baada ya muda inalegea, unaibana tena. Pampu ya betri ilikufa mapema na hakuna aliyeililia. Kwa hiyo kila alfajiri, mzima au mgonjwa, mzee alipiga kasia kwa kihori chake mpaka boti ilipofungwa, akainua ubao wa sakafu, akatoa maji kwa ndoo. Kisha akaweka sheria kwamba hakuna abiria atakayeshuka bila kutoa ndoo moja. Ukishalipa nauli hujamaliza. Alimpa ndoo muuza chumvi na alimpa ndoo bwana harusi. Nilikuwemo siku alipopanda mheshimiwa mmoja na msafara wake kwenda kutazama fukwe. Alipopewa ndoo alicheka, akaishika vizuri, akamwita mpiga picha. Picha ya kwanza haikumpendeza, ikapigwa ya pili, na ya tatu kwa upande wa bahari. Marehemu alisubiri mpaka wakamaliza ndipo akasema, "Haya mheshimiwa, sasa chota na maji." Watu wote walicheka, mheshimiwa akacheka kuliko wote, na ndoo akampa msaidizi wake.

Lakini kichekesho chenyewe kilikuwa siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu. Boti ikishaota magamba chini huwa nzito, inakunywa mafuta bila kwenda. Unaipandisha ufukweni maji yakiwa yamejaa, unaiegemeza kwa magogo, na maji yakishatoka una muda wa kukwangua, kuosha, kuziba na kupaka rangi kabla hayajarudi. Wengi wanaweza kuifanya kazi ile wakaimaliza wakicheka, ila mikono michache haifiki popote. Bamvua moja marehemu aliwaita wote aliowahi kuwabeba bure, na walikuwa wengi. Walikuwepo wastaafu wa kundi letu waliokuja sikukuu na wajukuu, na walikuwepo waliopigia picha za harusi juu ya omo, pale mbele kabisa ya boti. Wote walimjibu kwamba wako pamoja naye. Asubuhi hiyo tulifika mimi na mkewe tu, na mimi, nisijitie wema, nilikuwa nimeahidiwa pweza. Tulikwangua mpaka vidole vikachanika, jua likituchoma migongo, na kila mara alisimama kutazama barabara inayotoka mjini. "Kwenye raha walisema boti yetu," aliniambia. "Leo imekuwa boti yangu." Mkewe hakuinua hata kichwa. "Nzee, kwangua," alisema. "Maji yanarudi." Upande mmoja ulibaki haujapakwa rangi siku hiyo.

Nimelifikiria sana hilo tangu afe. Sisi tunajua kuzindua. Kisima kikichimbwa tuna ngoma, tuna utepe, tuna mkasi kwenye sinia lenye kitambaa. Siku mpini wa pampu unapokatika hakuna ngoma wala sinia, na wanawake wanarudi kwenye dimbwi lile lile la zamani huku bamba la uzinduzi likiwa bado linang'aa. Madawati ya shule zetu hufa kwa kukosa msumari mmoja. Paa huanza kuvuja kwa tundu dogo la kuzibwa kwa kipande cha lami, likaachwa likawa mwanga wa kusomea. Sisemi haya kuwalaumu viongozi peke yao. Nyumbani kwangu kuna mlango nimeuinua kwa bega miaka mingi badala ya kubadilisha bawaba. Kutunza hakuna shangwe. Anayetia grisi haonekani, na akionekana anaitwa bahili asiyetaka kununua kipya. Marehemu aliichagua kazi hiyo isiyo na makofi, akaipenda, na kwa kuipenda akawa mkali kwa sisi wengine. Nadhani alikuwa na haki.

Sasa nirudi kwenye kifo. Siku chache kabla ya kiharusi alinipigia kunikumbusha kwamba bamvua linakuja na kwamba kamba ya kwenye shafti imekwisha kabisa, haibaniki tena. Alikuwa akitoa maji asubuhi na jioni. Alitaka nije na grisi. Badala yake nilikwenda na sanda. Tulimzika vizuri, watu walijaa, na wale wa kundi la simu walikuja kwa magari, wakavua viatu barazani, wakaketi kwenye majamvi. Kutoka pale barazani unaiona bahari, na boti ilikuwa pale, imefungwa kwenye boya lake, imeinamia nyuma kidogo.

Kabla sijaondoka niliitwa ukumbini. Mjane alikuwa chumbani, ameshaingia eda, na kati yetu palikuwa na pazia. Sauti yake haikuwa ya kilio. "Shemeji," aliniambia, "nzee kaondoka, lakini maji hayana habari na nsiba. Pale kwenye shafti ulipaona mwenyewe. Ntu mmoja tu, asubuhi na jioni, akatoe maji. Nimewaambia wote wanaokuja kunipa pole, wote wanasema ndiyo mama, wanakwenda kula. Mimi siwezi kutoka. Na nikimaliza eda, ile ndiyo nitakayoishi nayo, sina kingine." Nilimwahidi kwamba nitasema na wakubwa wa familia mara moja. Nilidhani ni jambo la dakika chache.

Mkubwa wa familia alikuwa mdogo wake marehemu, wa baba mmoja mama mbalimbali, mtu mtaratibu mwenye kofia safi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndugu yangu, nashukuru kwa huruma yako," alisema. "Lakini tumeshakaa kikao. Kitu cha marehemu ntu asikiguse mpaka arobaini. Hata kijiko. Tukishasoma arobaini, tutagawana kwa amani." Nikamwambia sizungumzii kugawana, nazungumzia kutoa maji. "Ukishapanda umeshagusa," alijibu, kwa upole ule ule.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, lakini kwa aliye mbali nieleze. Marehemu hakuacha mtoto. Kwa dini, ndugu na mjane wana mafungu yao. Kwa mila ya upande wa mama, ambayo kusini hapa bado inapumua, wana wa dada yake wanajiona ndio wenye mali ya mjomba. Kila upande uliutazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Katika hali hiyo, arobaini ilikuwa ndiyo amani yao. Ilimradi hakuna aliyegusa, hakuna aliyeiba. Walifunga chumba chenye vyombo, wakafunga stoo, na funguo wakaziweka kwa mtu wa tatu. Vitu vinavyokaa kabatini vinaweza kungoja hivyo hata mwaka mzima. Hawakukumbuka, au hawakutaka kukumbuka, kwamba kimoja kati ya vitu vyao kilikuwa juu ya maji na kilikuwa na tundu.

Nilishuka ufukweni peke yangu, nikasukuma kihori, nikaanza kupiga kasia kwa ujinga wangu wote wa mtu wa mjini. Sikufika mbali. Mpwa mkubwa wa marehemu, mwanaume wa makamo mwenye duka la vifaa vya baiskeli, aliingia majini na suruali yake akashika ukingo wa kihori. "Nzee, naomba ushuke," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. "Mimi mwenyewe roho inaniuma nikiitazama. Lakini nikipanda mimi, mjomba ndogo atasema nimeanza kurithi. Akipanda yeye, sisi hatutanyamaza. Akipanda ngeni kama wewe, tutaulizana kakutuma nani." Nilimwambia basi wapande wote wawili, kila mmoja na ndoo yake, wakitazamana. Alitabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyeambiwa jambo zuri ambalo halifanyiki duniani. Nikarudi nchi kavu. Nilimwendea pia mvuvi mmoja jirani, akanijibu kwamba ikipotea hata nati moja kwenye ile boti, jina litakaloitwa kijijini ni lake.

Nilirudi Chuno, nikapiga simu kila siku, mpaka mdogo wa marehemu akaacha kuzipokea. Mjane naye aliendelea kuwaomba waliokuja. Baadaye niliambiwa kwamba asubuhi moja alijifunga buibui akatoka mpaka ukumbini, ameshika ndoo ya jikoni, na wifi zake wakamzuia mlangoni huku wakilia, wakimwuliza kama anataka ukoo mzima uonekane hauna adabu. Akarudi chumbani. Kisha ikanyesha mvua ya kutwa nzima. Picha ya Kikongwe ilifika kwenye kundi letu la simu kabla mimi sijaambiwa: maji tulivu, boya, na kipande cha reli ya omo kikiwa nje. Chini yake zikafuatana pole, na vile viganja vilivyounganishwa.

Hata hapo palikuwa na njia. Injini ya dizeli iliyozama si lazima iwe imekufa, ila haitaki kusubirishwa. Mjane alinipigia simu, akaniambia maneno ya kuwafikishia, pole pole, kana kwamba ananituma dukani: bamvua hili waivute ufukweni, maji yakitoka wafungue injini waioshe kwa maji baridi, yaani ya kisima, kisha waijaze dizeli mpaka juu na waiache hivyo mpaka fundi aje. Ni kazi ya asubuhi moja. Nilikwenda Msimbati mwenyewe kuwaambia, mbele ya watu. Walinikaribisha, wakaniletea maji ya kunywa. Walishauriana. Jibu likawa kwamba kuivuta boti ni kugusa zaidi kuliko kutoa maji, na arobaini si mbali. Bamvua likaja, maji yakapanda mpaka kwenye mizizi ya minazi, yakashuka.

Arobaini ilisomwa kwa heshima zote. Pilau lilipikwa kwa masufuria makubwa, wageni wakatoka Mtwara mjini, wengine hawakuonekana tangu maziko. Mdogo wa marehemu alisimama akasema kwamba familia imeilinda mali ya ndugu yao kama ilivyotakiwa, na kwamba leo wakifungua vyumba kila mtu ataona hakuna hata kijiko kilichopungua. Ilikuwa kweli. Vyumba vilifunguliwa, kila kitu kilikuwa mahali pake, hata miwani yake ya kusomea. Watu wakasema mashallah. Imamu, ambaye alikuwa safarini muda wote ule na ndiyo kwanza anaisikia habari ya boti, aliuliza ni nani aliyewaambia kwamba kitu cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini. Akasema, "Dini imewaambia muilinde amana, haikuwaambia muitazame. Na huyo mama kwa shida kama ile, mchana, angeweza kutoka mwenyewe." Wazee waliinamisha macho kwenye jamvi. Niliwatazama mmoja mmoja na nikajisikia vibaya kwa kuona kwamba hawakuwa watu wabaya. Ningependa wangekuwa wabaya, hasira yangu ingepata pa kukaa.

Kisha wakaja kwenye mgawanyo, na hapo nikaona jambo ambalo sijui kama nitalisahau. Nyumba ilijadiliwa, mikorosho ilijadiliwa, sauti zikapanda na kushuka. Ilipofikiwa boti, ubishi ukaisha. Mpwa mkubwa akasema kwamba wao, wana wa dada, wanamwachia mama. Mdogo wa marehemu naye, asipitwe kwa ukarimu, akasema upande wao pia haudai kitu. Akasogea karibu na pazia akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mama, boti tumekuachia wewe, yote, hakuna ntu mwenye fungu ndani yake." Baadhi ya wageni walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nyuma ya pazia sauti ile isiyokuwa ya kilio ikasema, "Ahsanteni. Sasa naweza kuigusa?"

Sinia za pilau zikaanza kupita. Fundi wa matrekta aliyekuja baadaye, boti ilipokwisha kuvutwa ufukweni, aliifungua injini, akaifunga, akamshauri mama auze chuma kwa kilo. Akina mama wa makopa na chumvi sasa wanazunguka kwa pikipiki, au hawaendi. Yeye bado yuko eda. Akitoka, atatoka kwenye nyumba ambayo dirisha lake linatazama kilichokuwa chakula chake.

Basi nami nina la kuusia, ingawa najua mausia ya magazetini hufungia vitumbua. Tumezoea kuandika wasia wa nani arithi nini, na wengi wetu hata huo hatuuandiki. Mimi nawaomba mfanye jambo dogo zaidi. Mkiwa bado hai, waiteni ndugu wa pande zote mbili, wa baba na wa mama, muwaketishe pamoja, na mtaje mbele yao, kwa jina, mtu ambaye siku mtakapokufa hatakaa jamvini. Atakuwa na ruhusa yenu ya kuondoka katikati ya dua na kwenda kufanya lile ambalo halisubiri: kunywesha mbuzi, kumwagia miche, kuzima jenereta, kutoa maji kwenye boti. Mwenzetu alikuwa naye mtu huyo. Alikuwa mkewe, na kila mtu Msimbati alilijua hilo. Ila yeye hakulisema hadharani alipokuwa na sauti, na siku sauti ilipomtoka, mwanamke pekee aliyejua cha kufanya alifungiwa ndani kwa heshima, na sisi tuliokuwa huru tukaketi tukamwombea.